Darkthrone: walijua kupiga vizuri, kisha wakaamua kupiga vikali

Kundi la Darkthrone la nchini Norwe linajulikana duniani kama moja ya nguzo za black metal: muziki wa gitaa kali, sauti za kukwaruza, na picha za vijana waliojipaka nyuso rangi nyeupe na nyeusi kama maiti. Lakini kabla ya mwaka 1992 vijana hao walikuwa wanapiga muziki mwingine, unaoitwa death metal, na walikuwa wanaupiga vizuri. Kutoka wakati ule zimebaki kaseti nne, albamu moja iliyotoka, na nyingine iliyoachwa njiani. Rekodi hizo zinajibu swali ambalo wasikilizaji wamejiuliza kwa zaidi ya miaka thelathini: je, hawa watu walipiga muziki mchafu vile kwa sababu hawakujua kupiga, ao kwa sababu walitaka hivyo?

Miziki miwili, baba mmoja

Kwa msomaji ambaye sikio lake limezoea rumba, death metal na black metal vinaweza kuonekana kuwa kelele moja. Ni kweli kwamba zote mbili zimetoka katika heavy metal ya miaka ya 80, lakini kila moja ina njia yake.

Death metal ilikua mwishoni mwa miaka ya 80, hasa katika jimbo la Florida nchini Marekani na katika mji wa Stockholm nchini Uswidi. Nyuzi za gitaa zinalegezwa ili sauti iwe nzito na ya chini. Mwimbaji ananguruma kutoka tumboni. Mpiga ngoma anahitaji miguu yenye nguvu na kichwa chenye kumbukumbu, kwa sababu wimbo unabadilisha mwendo kila mara: unakimbia, unasimama, unatembea polepole, kisha unakimbia tena. Ni muziki wa ufundi. Asiyefanya mazoezi anajulikana mara moja.

Black metal ya Norwe ilichukua njia nyingine. Sauti ya mwimbaji ilipanda juu, ikawa mlio wa kukwaruza. Gitaa likawa jembamba na la baridi, likirudia kipande kimoja kwa muda mrefu mpaka msikilizaji anasahau saa. Rekodi zenyewe ziliachwa kwa makusudi zikiwa na vumbi na mikwaruzo. Na maneno yake yalishambulia ukristo waziwazi, jambo ambalo lilileta shida kubwa, kama tutakavyoona.

Kaseti kutoka Kolbotn

Kolbotn ni mji mdogo kusini kidogo mwa Oslo, mji mkuu wa Norwe. Hapo ndipo, mwishoni mwa mwaka 1986, Gylve Nagell, akiwa na miaka 15 hivi, alianzisha kundi na rafiki zake. Walijiita Black Death. Mwaka uliofuata walibadilisha jina na kuwa Darkthrone. Nagell alipiga batri, yaani seti ya ngoma. Mwaka 1988 aliingia Ted Skjellum, gitaa na sauti. Pamoja nao walikuwa Ivar Enger kwenye gitaa na Dag Nilsen kwenye gitaa la besi. Hao wanne ndio walifanya sehemu kubwa ya kazi ya death metal tunayoizungumzia hapa.

Kati ya mwaka 1988 na 1989 walitoa kaseti nne za majaribio, zile wanamuziki wa kwetu wanaziita maketi. Za mwaka 1988 ni Land of Frost na A New Dimension. Za mwaka 1989 ni Thulcandra na Cromlech. Ukizisikiliza kwa kufuatana, unasikia vijana wanakua mbele ya masikio yako. Ya kwanza ni ya watoto wa shule wanaotafuta mlango wa kuingilia. Ya mwisho ni ya kundi linalojua linakokwenda: nyimbo zina mwanzo na mwisho, ngoma zinafuata gitaa bila kupotea, na ngurumo ya Skjellum imeshakuwa na uzito wake.

Jina Thulcandra lina historia yake. Ni neno lililobuniwa na mwandishi C.S. Lewis katika riwaya yake ya mwaka 1938, ambamo ndilo jina la dunia yetu, sayari iliyonyamaza. Lewis alikuwa mkristo aliyetetea imani yake katika vitabu vingi. Kundi ambalo baadaye lingeimba dhidi ya kanisa lilikuwa bado linaazima majina kutoka kwa mwandishi wa namna hiyo. Wakati ule mawazo yao yalikuwa kwenye anga, baridi, makaburi na ndoto. Vita na dini haikuwa bado kazi yao.

Kaseti hizo zilisafiri kwa posta. Kabla ya intaneti, wapenzi wa metal walikuwa na mtandao wao wa bahasha: kijana wa Norwe ananakili kaseti yake, anaituma Uswidi, Brazil ao Marekani, naye anatumiwa kaseti nyingine. Magazeti madogo yaliyochapwa kwa mashine ya kunakili yalizungusha anwani na habari. Hakuna redio iliyohitajika, wala tajiri wa kulipia matangazo. Kundi lilijulikana nchi za mbali kabla ya kujulikana katika mtaa wake. Ni kwa nguvu ya Cromlech ndipo Darkthrone walipata mkataba na Peaceville, kampuni ndogo ya muziki kutoka kaskazini mwa Uingereza. Mkataba ulikuwa wa albamu nne.

Stockholm, mwaka 1990

Kwa albamu ya kwanza, kundi lilivuka mpaka kwenda Stockholm, kwenye studio iliyoitwa Sunlight. Mwenye kuendesha mashine alikuwa Tomas Skogsberg, mtu aliyekuwa ametengeneza sauti ya death metal ya Uswidi. Albamu ya Entombed, Left Hand Path, iliyotoka mwaka 1990, ilirekodiwa hapo hapo, na vijana wengi wa Ulaya walitaka sauti ile. Kwa kundi la wakati ule, kuingia Sunlight ilikuwa sawa na fundi mchanga kupewa funguo za karakana kubwa. Nagell na Skjellum walikuwa na miaka 18.

Albamu ilitoka mwanzoni mwa mwaka 1991 kwa jina Soulside Journey. Ina nyimbo 11. Aliyezoea black metal ya Darkthrone anashangaa akiisikiliza mara ya kwanza. Gitaa mbili zinajibizana. Gitaa la besi linasikika vizuri na lina kazi yake, halijifichi nyuma. Hapa na pale kinanda kinaingia kidogo na kuongeza giza. Mpiga batri anabadilisha mwendo mara tatu, mara nne ndani ya wimbo mmoja, bila kukosea. Kazi kama hiyo inatoka kwa watu waliokaa kwenye chumba cha mazoezi saa nyingi.

Majina ya nyimbo pia yanaonyesha vichwa vilivyokuwa vinasoma. Soria Moria ni jina la jumba la ajabu katika hadithi za kale za Norwe, ambalo shujaa analitafuta mbali sana. Iconoclasm Sweeps Cappadocia inarudi kwenye ugomvi wa kanisa la mashariki wa karne ya 8 na ya 9, wakati wakristo walipogawanyika juu ya picha takatifu, wengine wakizivunja na wengine wakizificha. Kapadokia yenyewe leo iko ndani ya Uturuki. Kijana wa miaka 18 aliyeweka jambo hilo katika wimbo wa kunguruma hakuwa mvivu.

Peaceville walikuwa na haki ya kufurahi. Walikuwa wamepata kundi changa, lenye ufundi, katika muziki uliokuwa unapanda soko. Walingojea albamu ya pili ya namna ile ile.

Albamu iliyoachwa njiani

Albamu hiyo ya pili ilikuwa imeshaanza. Ilikuwa na jina: Goatlord. Nyimbo zilikuwa zimetungwa na kurekodiwa katika mazoezi, kati ya mwaka 1990 na 1991, vyombo vitupu bila sauti ya mwimbaji. Muziki wake ulikuwa mgumu zaidi kuliko wa Soulside Journey: vipande vingi, mizunguko isiyotegemewa, mwendo mzito unaokatika ghafla. Kama wangeimaliza, huenda leo tungeongea juu ya Darkthrone kama kundi la death metal ya ufundi, jina kati ya majina mengine.

Hawakuimaliza. Mwaka 1991 walisimama katikati ya safari na kugeuka.

Kaseti ya mazoezi ilikaa kabatini. Mwaka 1994 Nagell aliitoa na kuongeza sauti juu yake, za kunguruma, za kulia na nyingine za ajabu, akisaidiwa mahali fulani na Satyr wa kundi la Satyricon. Kampuni ya Satyr, Moonfog, iliitoa kama albamu mwaka 1996. Mwaka 2008 Peaceville walikusanya kaseti zote nne pamoja na Goatlord bila sauti katika mkusanyo wa diski tatu, Frostland Tapes. Na mwaka 2023 wakatoa tena Goatlord ile ya vyombo vitupu, kwa jina Goatlord: Original. Kazi iliyotupwa na vijana ilikuwa imerudi dukani miaka zaidi ya thelathini baadaye, katika hali yake ya mazoezi.

Kwa nini waligeuka

Jibu la kwanza ni mtu na mahali. Mtu ni Øystein Aarseth, aliyejulikana kama Euronymous, mpiga gitaa wa kundi la Mayhem. Mahali ni duka lake la diski, Helvete, alilofungua Oslo mwaka 1991. Neno hilo kwa kinorwe ni jehanamu. Aarseth alikuwa mkubwa wao kwa miaka michache na alikuwa na maneno mengi. Alihubiri kwamba death metal imepoteza giza lake: imekuwa muziki wa biashara, wa vijana waliovaa nguo za michezo, wanaotafuta kasi na ufundi tu. Aliwarudisha vijana kwa makundi ya zamani kidogo, kama Bathory ya Uswidi na Hellhammer na Celtic Frost za Uswisi, ambayo yalirekodi vibaya lakini yalitisha.

Darkthrone hawakuwa peke yao kwenye njia hiyo. Kundi la Immortal la mji wa Bergen lilitoka kwenye makundi ya death metal. Ihsahn na Samoth, kabla ya kuanzisha Emperor, walipiga death metal katika kundi la Thou Shalt Suffer. Karibu kizazi chote kilijifunza kazi upande mmoja wa mto kisha kikavuka upande mwingine. Lakini Darkthrone walivuka wakiwa na mkataba mkononi na albamu sokoni. Walikuwa na kitu cha kupoteza.

Na walipoteza. Dag Nilsen hakutaka njia mpya. Alipiga sehemu zake za gitaa la besi kwenye albamu iliyofuata, kisha akaondoka. Waliobaki walichukua majina mapya: Nagell akawa Fenriz, Skjellum akawa Nocturno Culto, Enger akawa Zephyrous.

Ugomvi na kampuni

Mwezi wa nane 1991 waliingia studio ndogo ya nyumbani kwao Kolbotn, Creative Studios. Huko Stockholm walikuwa na fundi mashuhuri. Hapa walitaka sauti mbaya, na waliipata. Walipotuma kazi Uingereza, Peaceville hawakuelewa. Walikuwa wanangojea death metal safi, wakapokea wimbo wa kwanza wa zaidi ya dakika kumi na gitaa linalosikika kama linatoka chini ya theluji. Kampuni ilitaka sauti itengenezwe upya kabla ya diski kutoka.

Vijana walikataa. Walisema kama Peaceville hawaitaki jinsi ilivyo, wataitoa kupitia Deathlike Silence, kampuni ndogo ya Aarseth. Peaceville wakakubali. Mwezi wa pili 1992 A Blaze in the Northern Sky ikatoka bila kuguswa. Jalada la Soulside Journey lilikuwa mchoro wa rangi. Jalada la albamu hii mpya ni picha nyeusi na nyeupe ya Zephyrous usiku, uso umepakwa, mdomo wazi.

Albamu hiyo sasa imewekwa na Maktaba ya Taifa ya Norwe katika maonyesho yake ya kudumu, kati ya vitabu na hati zilizojenga utamaduni wa nchi. Kampuni ilitaka kuirekebisha, lakini taifa limeipokea kama ilivyo.

Mifupa ya zamani ndani ya nguo mpya

Hapa ndipo rekodi za zamani zinapata thamani yake kamili. Mtu akisikiliza A Blaze in the Northern Sky baada ya Soulside Journey, anagundua kwamba death metal haikuondoka yote. Nyimbo kadhaa zina vipande vya gitaa vya ukoo ule ule, vizito na vya kukatika, vilivyovalishwa tu sauti mpya. Wanamuziki wenyewe wamelieleza jambo hilo: wakati wa kurekodi, sehemu ya nyimbo ilikuwa bado na mwili wa death metal, wakaipiga kwa roho ya black metal. Mageuzi yaliyosimuliwa kama radi ya siku moja yalikuwa nyumba iliyojengwa kwa matofali ya nyumba ya kwanza.

Ushahidi mwingine uko kwenye ngoma. Mwaka 1994 kundi, wakati huo limebaki na Fenriz na Nocturno Culto tu, lilitoa Transilvanian Hunger. Fenriz alipiga vyombo vyote nyumbani kwenye mashine ndogo ya kurekodi yenye njia nne, na mwenzake akaweka sauti. Ngoma kwenye albamu hiyo ni karibu pigo moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mvua inayonyesha bila kubadilika. Aliyesikia hiyo peke yake anaweza kusema mpiga ngoma huyu anajua pigo moja tu. Aliyesikia Soulside Journey hawezi kusema hivyo. Mikono ni ile ile. Mtu aliyekuwa na maneno mia moja alichagua kutumia matano.

Upande ambao haupaswi kufichwa

Kuandika juu ya muziki huu bila kutaja yaliyofuata si haki. Tarehe 6 mwezi wa sita 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa moto, na mengine yakafuata. Tarehe 10 mwezi wa nane 1993 Aarseth aliuawa kwa kisu na Varg Vikernes wa kundi la Burzum, ambaye mwaka 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21. Wanamuziki wa Darkthrone hawakuhusika katika uhalifu huo. Hata hivyo, Transilvanian Hunger ilikuwa na nyimbo nne zenye maneno yaliyoandikwa na Vikernes, na nyuma ya jalada la kwanza palichapwa maneno ya kibaguzi yaliyotaja muziki wao kuwa wa kiariani. Yalizua hasira, yakaondolewa kwenye matoleo ya baadaye, na kundi likajitenga nayo.

Maneno yale yaliandikwa na watu wazima vijana, na yanabaki kwenye hesabu yao. Kwa sababu hiyo pia kaseti za mwanzo zina faida. Zinaonyesha kwamba giza la vijana hawa lilianza kama mchezo wa kuwaza, na nyota, hadithi za kale na riwaya, kabla ya kuingia katika mduara wa watu waliokuwa wanashindana nani ni mkali zaidi. Mduara ule ulikula baadhi yao. Darkthrone walitoka wakiwa hai na huru.

Leo kundi lina watu wawili tu, halifanyi tamasha, na bado linatoa albamu. Fenriz alifanya kazi katika posta ya Norwe kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuwahi kutegemea diski kwa chakula chake. Hiyo inaeleza jambo moja: mtu asiyedai muziki umlishe anaweza kuukatalia soko mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya kumi.

Uaanzie wapi

Msomaji anayetaka kupima mwenyewe aanze na Cromlech, kisha Soulside Journey, kisha Goatlord bila sauti, na mwishoni A Blaze in the Northern Sky. Mwendo huo unachukua kama saa mbili na nusu. Afuate ngoma zaidi kuliko sauti. Atasikia fundi akijifunza, akifika mahali wengine wangekaa na kula matunda, kisha akiweka chini vyombo vyake vizuri na kuchukua vingine vibovu, kwa sababu kazi aliyotaka kufanya ilihitaji vile.